Injini Inavuma, Mapanga Yametulia: Turbopropu Inavyofanya Kazi

ATR, ndege ya abiria ya injini mbili za mapanga, hupandiwa mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Ukiwa kwenye foleni ya ngazi mara nyingi utasikia injini ikivuma upande wa pili. Ukipata nafasi ya kuchungulia, utaona jambo ambalo abiria wengi hupita bila kulitilia maanani: injini ya kulia imewaka, hewa ya moto inatetema nyuma yake, lakini mapanga hayazunguki hata kidogo. ATR haina ile injini ndogo ya mkiani ambayo ndege nyingine huitumia kupata umeme na kiyoyozi zikiwa chini, kwa hiyo marubani huwasha injini ya kulia, wakaifungia propela yake breki, na kuiacha injini ikifanya kazi hiyo.

Hakuna klachi humo. Hakuna gia iliyotolewa ili propela ikae huru. Injini inaunguruma kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, propela yake imeshikwa na breki, na hakuna kinachovunjika. Anayeelewa jinsi hilo linavyowezekana ameshaelewa sehemu kubwa ya turbopropu, yaani injini ambayo turbini yake, magurudumu ya vibapa yanayozungushwa na gesi ya moto, huendesha propela.

Nataka kulieleza jambo hili kwa sababu ndege za mapanga zinasingiziwa sana. Tanzania ilipopokea Bombardier Q400 mbili mwaka 2016 kwa ajili ya kuifufua Air Tanzania, wapo waliozibeza: pangaboi, ndege za kizamani, wenzetu wanaruka na jeti. Lakini ndani ya kila injini ya Q400, iitwayo PW150A, mna turbini ya gesi inayofuata kanuni ileile ya injini za Airbus na Boeing, na inatoa nguvu farasi zaidi ya 5,000. Kinachotofautiana ni mahali nguvu hiyo inapopelekwa.

Na kama ni suala la uzee, basi hesabu inageuka. Ndege ya kwanza ya jeti, Heinkel He 178, iliruka Ujerumani Agosti 1939. Turbopropu za kwanza kupaa zilikuwa Rolls-Royce Trent mbili zilizofungwa kwenye Gloster Meteor nchini Uingereza, tarehe 20 Septemba 1945. Kabla ya hapo mhandisi Mhungaria György Jendrassik aliiwasha turbopropu yake, Cs-1, jijini Budapest mwaka 1940. Ikasumbuliwa na uchomaji wa mafuta, nguvu iliyotarajiwa haikupatikana, na mradi ukasimamishwa kabla injini haijapanda hewani. Kwa hiyo turbopropu ni mdogo wake jeti. Ndege za mapanga za kabla ya hapo zilikuwa na injini za pistoni, na hizo ndizo watu wanazichanganya na hizi za leo. Afrika Mashariki yenyewe si mgeni wa turbopropu: Fokker Friendship zilizokuwa za East African Airways miaka ya 1960 zilisukumwa na Rolls-Royce Dart, ambayo ni turbopropu.

Tuanze na swali la kwa nini mtu mwenye jeti aifunge propela mbele yake.

Ndege husonga mbele kwa kusukuma hewa nyuma. Kinachobaki ni kuamua usukume hewa nyingi kiasi gani, na kwa kasi gani. Fikiria ndege iliyosimama. Ikisukuma kilo 10 za hewa kila sekunde kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde, inapata msukumo wa nyutoni 1,000. Ikisukuma kilo 100 kila sekunde kwa kasi ya mita 10 tu, msukumo ni uleule, nyutoni 1,000. Sasa angalia gharama. Njia ya kwanza inakula wati 50,000, ya pili wati 5,000. Msukumo umelingana, nishati imepishana mara 10, kwa sababu nishati ya hewa hukua kwa mraba wa kasi yake huku msukumo ukikua kwa kasi yenyewe tu. Mwenye haja ya kuokoa mafuta husukuma hewa nyingi taratibu, na hakuna chombo kinachokamata hewa nyingi kama propela pana. Hata injini za ndege kubwa za kisasa zimeelekea hukohuko: lile feni kubwa unaloliona mdomoni mwa injini ya Airbus linafanya kazi ya propela, ila limezungushiwa ganda.

Tofauti ya vitendo kati ya turbopropu na jeti ni mwendo. Q400 hufika kilomita zipatazo 660 kwa saa, ATR 72 inatembea kama 500, na jeti ya abiria iko kwenye 800 na zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 850 hivi, kwa hiyo jeti inaitangulia Q400 kwa dakika kama 15. Kutoka Dar hadi Zanzibar ni kilomita 70 na ushei. Jeti haipati hata nafasi ya kufika kimo ambako mwendo wake na ulaji wake wa mafuta vinaleta maana.

Kuona kilichomo ndani, nachagua injini ambayo karibu kila aliyewahi kwenda Mafia, Seronera au Maasai Mara kwa ndege ndogo ameshaketi nyuma yake: PT6A ya Pratt & Whitney Canada, iliyomo puani mwa Cessna Caravan. Ilibuniwa Longueuil, jimbo la Quebec, mwishoni mwa miaka ya 1950, na ikapaa mara ya kwanza Mei 1961 ikiwa imefungwa puani mwa Beech 18. Tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya 50,000 za aina zake zote. Caravan nyingi zinabeba toleo la PT6A-114A, la nguvu farasi 675.

Jambo la kwanza la ajabu ni kwamba imefungwa kinyumenyume. Hewa inayoingia kwenye tundu lililo puani, nyuma ya propela, haiingii injini kwa mbele. Inapitishwa hadi nyuma, karibu na ukuta unaoitenganisha injini na chumba cha rubani, ndipo inageuka na kuingia kwenye injini kupitia wavu. Kuanzia hapo inasafiri kuelekea mbele. Inakutana na kompresa: safu 3 za vibapa vinavyozunguka na kuisukuma, kisha gurudumu moja linaloitupa kwa nguvu kuelekea nje. Ikitoka hapo imebanwa mara 7 hivi ya ilivyoingia, na imeshapata joto kali kabla ya tone moja la mafuta kuiona.

Halafu inaingia kwenye chemba ya kuchomea, iliyozunguka injini mfano wa pete. Nozeli 14 zinanyunyiza mafuta ya ndege, Jet A-1, ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Moto wenyewe katikati ya chemba unakaribia nyuzi 2,000 za Selsiasi, na hakuna chuma humo kinachoweza kuustahimili. Kinga yake ni hewa. Sehemu ndogo tu ya hewa iliyobanwa, robo hivi, ndiyo inayoungua na mafuta. Iliyobaki inapenya kwenye matundu ya ukuta wa chemba, inautandia ukuta ngozi ya hewa isiyo na moto, kisha inachanganyika na gesi na kuipoza kabla haijafika kwenye turbini.

Plagi zinahitajika wakati wa kuwasha tu. Moto ukishashika unajiendeleza wenyewe mradi hewa na mafuta vinakuja. Hapa ndipo injini hii inapoachana kabisa na ya pistoni: hakuna kuvuta, kubana, kulipua na kutoa kwa zamu. Kila kitu kinafanyika kwa wakati mmoja, sehemu tofauti za bomba lilelile, bila kukatika. Ndiyo maana inavuma na haidundi.

Gesi ya moto inatanuka, inatafuta njia ya kutoka, na njia iliyopo inapita kwenye turbini. Tuwe waangalifu hapa, kwa sababu turbini ni mbili na hazijaunganishwa.

Ya kwanza imefungwa kwenye shafti moja na kompresa. Kazi yake ni hiyo tu: kuizungusha kompresa ili hewa iendelee kuingia. Inakula sehemu kubwa ya nishati ya gesi, takriban theluthi mbili, na propela haipati kitu hapo. Kompresa, chemba na turbini hii ya kwanza kwa pamoja ni kiwanda cha gesi. Kwenye PT6A kiwanda hiki kikiwa asilimia 100 kinazunguka mara 37,500 kwa dakika.

Gesi iliyobaki na nguvu inasonga mbele na kuipiga turbini ya pili. Hii ina shafti yake, inayoelekea upande wa pili, kwenye propela. Kati ya shafti hizi mbili hakuna jino, hakuna mkanda, hakuna boliti. Kinachopita kati yao ni upepo wa moto peke yake. Chukua feni mbili, uziweke zikitazamana, uwashe moja: ile isiyo na umeme itaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake, na ukiishika kwa kidole haizunguki tena, lakini ile iliyowashwa haijali, inaendelea. Breki ya ATR ni hicho kidole. Injini zake, za familia ya PW100, ni kubwa kuliko PT6A na zina kompresa mbili kwenye shafti mbili, ila turbini inayoendesha propela ni huru vilevile. Gesi inaipiga turbini iliyofungwa breki, inapita pembeni mwa vibapa vyake, na kutoka kwenye ekzosi. Marubani wanaiacha injini kwenye nguvu ndogo wakati huo ili breki isilemewe.

Sasa mengine yanafuata yenyewe. Kwa mfano, ukisimama mbele ya Caravan iliyozimwa, unaweza kuizungusha propela yake kwa mkono mmoja bila ukinzani wa maana, kwa sababu huzungushi kompresa. Unazungusha gia na turbini ya pili tu. Urahisi huo una gharama. Upepo wa kiwanjani nao unaweza kuizungusha usiku kucha huku beringi hazina oili yenye shinikizo, na ndiyo sababu ya kamba unayoiona imefungwa kwenye panga moja la Caravan iliyoegeshwa. Wakati wa kuwasha nako, mota ya umeme inazungusha kiwanda cha gesi peke yake, mzigo mwepesi. Rubani anasubiri kifike angalau asilimia 12 ya mwendo wake ndipo aruhusu mafuta. Akiyaruhusu mapema, moto unakuta hewa haitoshi, na joto linapanda kwa kasi ya kutisha. Macho yake yako kwenye sindano ya joto katika sekunde hizo: kikomo cha kuwasha ni nyuzi 1,090, tena kwa sekunde 2 tu. Kuzidi hapo ni kuyaunguza mabapa ya turbini, na bili yake si ya mchezo.

Si kila turbopropu iko hivi. TPE331, iliyobuniwa na Garrett na sasa ni ya Honeywell, ina shafti moja kutoka kompresa hadi giaboksi. Inapowashwa, propela inaanza kuzunguka palepale, na chini ina kelele zaidi kwa sababu shafti haiwezi kupunguziwa mwendo sana. Inajibu haraka rubani anapotaka nguvu, jambo ambalo wanaoipenda hulisifu, na ni haki yao. Lakini injini ya namna hiyo haiwezi kufanya kile ATR inachofanya pale kwenye maegesho.

Turbini ya pili ya PT6A-114A inazunguka mara 33,000 kwa dakika. Propela ya Caravan ina upana wa mita 2.69 kutoka ncha hadi ncha. Ungeifunga moja kwa moja kwenye shafti hiyo, ncha za mapanga zingetakiwa kwenda zaidi ya mita 4,600 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mapanga yangepasuka zamani kabla ya kufika huko, na hata yasingepasuka, panga ambalo ncha yake imepita kasi ya sauti linatengeneza mawimbi ya mshtuko, kelele na ukinzani badala ya msukumo. Ndiyo maana kati ya turbini na propela pana giaboksi inayopunguza mizunguko mara 17 na kidogo, hadi 1,900 kwa dakika. Kwa mizunguko hiyo ncha inakwenda mita 268 kwa sekunde. Ukijumlisha na mwendo wa ndege yenyewe, bado iko chini ya sauti kwa nafasi ya kutosha. Kwenye Q400, ambayo propela yake ni pana zaidi, mizunguko ya kupaa ni 1,020, na rubani huishusha hadi 850 ndege ikishatulia safarini. Abiria mwenye masikio mepesi hulisikia badiliko hilo.

Giaboksi hii sidhani inapewa heshima inayostahili. Meno yake yanabeba nguvu yote ya injini saa baada ya saa, na oili yake ndiyo pia inayoyageuza mapanga, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mapanga ya turbopropu hayajakazwa mahali pamoja. Kila moja linaweza kujisokota kwenye shina lake, likabadili pembe ya kuukata upepo. Rubani wa Caravan akisukuma mkono wa nguvu mbele, mafuta yanaongezeka, kiwanda cha gesi kinaongeza mwendo, gesi nyingi zaidi inaipiga turbini ya pili, na propela inataka kukimbia. Gavana ya propela, yenye vizito vidogo vinavyofunguka kwa mzunguko, inalihisi hilo na kubadili shinikizo la oili kwenye kitovu cha propela. Mapanga yanaongeza pembe, yanakamata hewa zaidi, mzigo unapanda, na mizunguko inabaki ileile. Ukiwa ndani ya ndege, nguvu inaweza kuongezeka au kupungua sana huku mvumo wa mapanga ukibaki kwenye sauti ileile. Anayetegemea kusikia injini ikilia zaidi, kama ilivyo kwa gari, atadhani hakuna kilichotokea.

Mwelekeo wa oili nao umepangwa kwa akili. Shinikizo la oili linayasukuma mapanga kuelekea pembe ndogo. Springi na vizito vya pembeni vinayavuta kuelekea pembe kubwa kabisa, ambapo panga linaelekeza ukingo wake kwenye upepo na ubapa wake ubavuni. Oili ikikosekana, springi zinashinda. Injini ikizimika angani na shinikizo likaisha, mapanga yanageuka yenyewe hadi hapo, kwa sababu propela iliyokufa ikiachwa na mapanga bapa mbele inazungushwa na upepo na kuishika ndege kwa nguvu kubwa. Wabunifu hawakutaka usalama huo utegemee kitu ambacho huenda ndicho kilichoharibika. Na ndiyo maana Caravan iliyoegeshwa inaonekana mapanga yake yamekaa ukingo mbele: injini ilipozimwa oili ilirudi, springi zikafanya kazi yake. TPE331 iliyoegeshwa kwa kawaida utaikuta mapanga yamekaa bapa, yameshikwa na pini, maana isingeweza kuwashwa kwa mzigo wa pembe kubwa.

Oili hiyohiyo ikisukuma zaidi, mapanga yanavuka pembe sifuri na kuanza kurusha hewa mbele. Wengi wanaosikia mvumo mkubwa baada ya matairi kugusa ardhi hudhani propela imegeuza mzunguko. Haikugeuza. Inazunguka upande uleule. Pembe ya mapanga ndiyo iliyogeuka.

Gesi ikishamaliza kazi kwenye turbini ya pili, inatoka. Kwa kuwa injini ya PT6A iko kinyumenyume, inatokea mbele, karibu na propela, na kwenye Caravan inapelekwa kwenye bomba moja nene la ekzosi chini upande wa kulia. Bado ina msukumo kidogo, ila ni nyongeza tu. Mzigo wa kuivuta ndege umebebwa na propela.

Rubani anaisimamia yote hii kwa sindano chache, na mbili kati yake ndizo zinazoamua nguvu ya kupaa. Moja ni ya msokoto, inayosema giaboksi inabebeshwa kiasi gani. Nyingine ni ya joto la gesi kati ya turbini mbili, ambalo wakati wa kupaa halitakiwi kuvuka nyuzi 805. Pwani, ambako hewa ni nzito, sindano ya msokoto ndiyo inayofika kwenye alama kwanza: injini ingeweza kutoa zaidi, giaboksi ndiyo inayosema basi. Kiwanja cha Wilson jijini Nairobi kiko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa asilimia kama 15 hata siku ya kawaida. Kompresa inapata hewa kidogo zaidi ya kubana na kupozea, kwa hiyo msokoto uleule unapatikana kwa joto kubwa zaidi. Kadiri kiwanja kinavyokuwa juu na mchana kuwa mkali, ndivyo sindano ya joto inavyoikaribia alama yake kabla ya ile ya msokoto, na ikifika ya joto kwanza rubani anaondoka na nguvu pungufu. Abiria anayeombwa apunguze mzigo mchana ilhali asubuhi wenzake waliruka nao, mara nyingi anakutana na sindano hiyo.

Kisha kuna vumbi, na hapa ile njia ya hewa ya kinyumenyume inalipa. Kwa kuwa hewa lazima ikate kona ili ielekee kwenye wavu, Caravan imewekewa kibao ambacho rubani hukifungua kwa mkono wakati wa kuruka na kutua kwenye viwanja vya udongo. Kikifunguliwa, kona inakuwa kali zaidi. Hewa, iliyo nyepesi, inaikata. Mchanga na kokoto, vilivyo vizito, vinashindwa kugeuka na kutupwa nje. Injini inapoteza nguvu kidogo kwa hilo, na rubani hulipa gharama hiyo bila kusita, kwa sababu mchanga ukishaingia unalamba vibapa vya kompresa kidogo kidogo hadi joto linapanda kwa nguvu ileile. Mapanga yenyewe hayana kibao cha kuyakinga. Ndiyo maana kwenye viwanja vya changarawe marubani wazoefu hawang'ang'anii pembe ya kurudisha nyuma ndege ikishapungua mwendo: hewa inayotupwa mbele inainua kokoto, propela inazivuta, na fundi anatumia asubuhi nzima akilainisha kwa tupa vidonda vilivyoachwa kwenye kingo za mapanga.